Tone la maji linahitaji pa kushika

Toa chupa ya maji kwenye friji, iliyofungwa vizuri, ifute ikauke kabisa halafu iweke juu ya mzani mdogo wa jikoni usubiri. Kama hewa ya siku hiyo ina unyevu wa kutosha utaona namba inapanda yenyewe, gramu moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na huku nje ya chupa kumeshalowa. Hakuna mtu aliyeongeza kitu. Hili la mzani nalisisitiza kwa sababu bado nakutana na watu wazima kabisa wenye elimu zao wanaoamini kwamba maji yale yanapenya kutoka ndani ya chupa, na hapo mzani unamaliza ubishi, maana kama maji yangekuwa yanahama tu kutoka ndani kuja nje uzito ungebaki ule ule. Kama huna mzani, weka juisi yenye rangi kali ndani ya chupa badala ya maji. Matone ya nje yatakuwa meupe safi, hayana rangi ya juisi wala ladha yake.

Yametoka hewani. Yalikuwepo hapo muda wote.

Chukua chumba cha kawaida tu, mita 4 kwa mita 4, dari mita 2.5, joto nyuzi 25 za Selsiasi na unyevuanga asilimia 70, yaani hewa ina asilimia 70 ya mvuke ambao ndo kikomo chake kwa joto hilo. Mvuke wote uliomo humo ukiukusanya ukaugeuza maji unapata zaidi ya nusu lita. Unaupumua, unapita kati yako na ukuta, na huuoni hata kidogo, kwa sababu mvuke wa maji ni gesi isiyo na rangi, sawa tu na oksijeni. Watu wanaamini wanauona mvuke birika likichemka, lakini ule weupe ni matone tayari. Angalia birika linalochemka kwa nguvu, kwa mbali kidogo, usisogeze uso wala mkono: kati ya ncha ya mdomo wa birika na pale weupe unapoanzia kuna kanafasi kadogo, sentimita moja au mbili, unaona ukuta wa nyuma vizuri tu utadhani hamna kitu. Hapo ndo penye mvuke wenyewe na hapo ndo pabaya kuliko pote kwa ngozi. Ukisogea mbele kidogo mvuke umeshakutana na hewa ya chumba, umepoa, umekuwa vitone vidogo vidogo na hivyo ndo vinaonekana vyeupe kwa sababu vinatawanya mwanga. Alafu endelea kuangalia juu zaidi, ule weupe unapotea. Vitone vimekauka vimerudi kuwa gesi. Yaani kwenye nafasi isiyozidi urefu wa mkono maji yametoka kuwa gesi yakawa matone yakarudi kuwa gesi, na hilo linatokea mbele ya macho yetu kila siku na wengi hatujawahi kulitazama.

Sasa kwa nini baridi ndo inaleta matone? Maelezo tuliyokaririshwa ni kwamba hewa ya joto inabeba maji mengi, ya baridi inabeba machache, kwa hiyo ikipoa inashindwa na mzigo inaumwaga. Kwa kujibu mtihani inatosha, lakini mimi siipendi hata kidogo, kwa sababu hewa haibebi kitu. Ukichukua chombo ukatoa hewa yote ukabakiza maji tu na mvuke wake, kiasi cha mvuke kitakachotulia juu ya maji yale kitakuwa karibu sawa kabisa na ambacho kingekuwepo kama hewa ingebaki humo. John Dalton, Mwingereza yule wa nadharia ya atomu, alilionyesha hili mwanzoni mwa miaka ya 1800: kila gesi kwenye mchanganyiko inasukuma kivyake kana kwamba nyingine hazipo. Kinachoamua ni joto.

Picha iliyo sahihi zaidi ni hii. Kwenye uso wa maji yoyote yale, hata yaliyotulia tuli, kuna molekuli zinachomoka kwenda hewani na kuna nyingine zinatoka hewani zinarudi majini, muda wote, bila kupumzika, na ni nyingi mno. Zinazochomoka zinategemea joto la maji, maji yakiwa ya moto molekuli zina kasi na nyingi zinaweza kujinasua. Zinazorudi zinategemea mvuke ulivyo mwingi hapo juu. Zinazotoka zikizidi zinazorudi, tunasema maji yanakauka. Zinazorudi zikizidi, maji yanaongezeka, na hapo ndo tunaona umande, ukungu, matone kwenye kioo. Zikilingana kwa macho yetu hakuna kinachotokea, ila kule chini biashara inaendelea pande zote mbili. Kwa hiyo chupa ya baridi "haivuti" maji kutoka hewani kama wengi wanavyosema. Molekuli za mvuke zinagonga chupa ya baridi kama zinavyogonga meza na ukuta na uso wako, tofauti ni kwamba zikinasa kwenye chupa ya baridi hazina nguvu ya kujinasua tena kwa wingi, kwa hiyo zinarundikana.

Kwa namba: mita moja ya ujazo ikiwa na mvuke hadi kikomo, kwa nyuzi 30 inakuwa na gramu 30 hivi za maji. Kwa nyuzi 20 ni gramu 17. Kwa nyuzi 10 ni gramu 9 na kitu, na kwa nyuzi 0 haifiki hata 5. Ona inavyoporomoka, kila ukishuka nyuzi 10 kikomo kinakatika karibu nusu. Na ndo maana huhitaji baridi kali sana kupata maji. Kile chumba chetu cha nyuzi 25 na unyevuanga asilimia 70, kitu chochote humo ndani kikishuka chini ya nyuzi 19 hivi kinaanza kulowa. Chupa iliyotoka friji iko nyuzi 4 au 5, kwa hiyo haina namna.

Hiyo nyuzi 19 ndo kiwango cha umande cha hewa ile. Charles Le Roy, daktari Mfaransa, alikuwa anakipima mwaka 1751 kwa njia ambayo unaweza kuirudia leo hii bila gharama: chukua kikombe cha bati au cha chuma kinachong'aa, tia maji ya kawaida na kipimajoto, halafu ongeza barafu kidogo kidogo huku unakoroga, macho yako yakiwa kwenye uso wa nje wa kikombe. Kuna sekunde ule mng'ao unafifia, kama mtu kapumulia. Soma kipimajoto hapo hapo. Mimi nakishauri kwa mwalimu yeyote wa sayansi kwa sababu mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba hewa ina namba yake, na namba hiyo inabadilika, leo 19 kesho 14, na siku ambayo hewa ni kavu sana utatia barafu hadi uchoke na kikombe kisilowe.

Mpaka hapa mambo ni rahisi: poza hewa ifike kiwango cha umande, unapata maji. Hivi ndivyo vitabu vingi vinavyoishia. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo kwangu ndo tamu yenyewe na mara nyingi inarukwa.

Poza hewa safi kabisa, isiyo na vumbi hata chembe, mbali na ukuta wowote, ifikishe kwenye kiwango cha umande, ipitishe. Hakitokei kitu. Ongeza baridi, unyevuanga ufike asilimia 110, 150, 200, bado hakuna tone. Mvuke umejaa kupita kikomo na umekaa tu.

Sababu ni kwamba tone linapozaliwa linakuwa dogo sana, na udogo wenyewe ndo unaliua. Molekuli iliyo kwenye uso wa maji yaliyotandaa imezungukwa na wenzake pembeni na chini, wote wanaivuta ibaki. Lakini kwenye kitone chenye molekuli mia na kitu tu, uso umepinda mno, molekuli ya juu ina jirani wachache wa kuishika, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa umati asiyezuiwa na yeyote upande wa nje, kwa hiyo inachomoka kirahisi. Kitone kinakauka kabla hakijakua. Molekuli zinakutana kwa bahati, mbili, tano, ishirini, zinashikana kidogo alafu zinatawanyika, na hivyo hivyo tena na tena. William Thomson, ambaye baadaye ndo alikuja kuitwa Lord Kelvin, aliliweka hili kwenye hesabu mwaka 1871. Ukiitumia hesabu hiyo, kitone chenye nusu kipenyo cha nanomita 1 (sehemu moja ya milioni ya milimita), ambacho kina molekuli kama 140, kinahitaji unyevuanga unaokaribia asilimia 300 ili tu kisikauke. Kikifika nanomita 10 kinahitaji asilimia 111. Kikifika nanomita 100 kinahitaji 101 tu, na kuanzia hapo maisha ni mepesi. Ugumu wote uko mwanzoni. Tone kubwa linakua bila shida, lakini ili liwe kubwa lazima kwanza liwe dogo, na likiwa dogo haliruhusiwi kuishi.

Sasa mvua inanyeshaje? Mawingu yanatoka wapi, wakati hewa ya mawinguni unyevuanga wake ni nadra kuzidi asilimia 101?

Vumbi. Na chumvi, na moshi, na chavua, na chembe zinazotoka kwenye mimea na viwanda na mioto. John Aitken, Mskoti, alikuwa na jaribio ambalo nalipenda kwa jinsi lilivyo wazi: vyombo viwili vikubwa vya kioo, kimoja chenye hewa ya kawaida ya chumbani, kingine chenye hewa iliyochujwa kwa kupitishwa kwenye pamba. Akaingiza mvuke kwenye vyote viwili. Cha kwanza kikajaa ukungu mweupe mzito. Cha pili kikabaki peupe, unaona upande wa pili. Mvuke ule ule, baridi ile ile, tofauti ni vumbi tu. Hiyo ni mwaka 1880 hivi, na Mfaransa mmoja, Coulier, alishaona jambo hilo miaka michache kabla yake. Ukifikiri vizuri ni jambo kubwa sana. Kila tone kwenye kila wingu ulilowahi kuona limeanzia kwenye kachembe, na kila mvua iliyowahi kukunyeshea ilikuwa na uchafu katikati yake tangu ilipozaliwa. Bila vumbi tusingekuwa na mawingu kama haya tunayoyajua, maji yangeota moja kwa moja kwenye ardhi na miti na ngozi zetu kila hewa inapopoa.

Chembe inasaidia kwa sababu inaruka ile hatua ya udogo. Ikiwa na upana wa sehemu ya kumi ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), maji yakiivaa juu tayari una tone la ukubwa huo, halipiti kabisa kwenye ule utoto wa molekuli mia. Na kama chembe ni chumvi inakuwa bora zaidi, kwa sababu chumvi ikiyeyuka ndani ya maji inazishika molekuli za maji zisichomoke ovyo. Chembe ya chumvi ya kawaida inaanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifika asilimia 75 tu, haisubiri hata mia. Ndo maana chumvi ya mezani inalowa na kugandamana siku za unyevu wakati sukari pembeni yake bado iko sawa, na ndo maana pia asubuhi nyingine kwa mbali unaona hewa imefifia yenye utandu mweupe ilhali vipimo vinasema bado haijashiba: chembe zimeshaanza kunywa maji na kuvimba.

Aliyeipeleka mbele kabisa hadithi hii ni C.T.R. Wilson, naye Mskoti. Septemba 1894 alikuwa kwenye kituo cha hali ya hewa kileleni mwa Ben Nevis, mlima wa kwao Scotland, akaona rangi na mapete ya mwanga yanayotokea jua likipiga mawinguni, akataka kuyatengeneza maabara. Alirudi Cambridge akawa anachukua hewa yenye unyevu ndani ya chombo na kuitanua ghafla, maana gesi ikitanuka ghafla inapoa. Aliondoa vumbi lote. Kama kila mtu alivyojua, ukungu ukakataa kutokea, lakini alipozidisha kutanua, mvuke ukiwa umefika kama mara nne ya kikomo, vitone vikaanza kuanguka hata bila vumbi. Vilikuwa vinashika kwenye ayoni, yaani molekuli zenye chaji ya umeme. Basi akaona: kama ayoni moja inatosha kuzaa tone, chembe ya mionzi ikipita kwenye hewa hiyo na kuacha ayoni njiani itaacha mstari wa matone nyuma yake. Mwaka 1911 alikuwa ameshapiga picha za mistari hiyo, watu wakaona njia za chembe ndogo kuliko atomu kwa macho, na mwaka 1927 akapewa tuzo ya Nobel. Yote yalianzia kwa mtu aliyetaka kuelewa wingu.

Turudi kwenye chupa. Pale hakuna shida ya kuzaliwa kwa sababu uso wa chupa upo tayari. Tone likikaa kwenye kioo halilazimiki kuwa mviringo kamili, linakaa kama kofia iliyobonyea, uso wake haujapinda sana kwa maji kidogo liliyo nayo, kwa hiyo linaishi. Mikwaruzo na mafuta ya vidole na vumbi vinasaidia zaidi. Washa tochi ya simu kwa ubavu, sogeza kamera karibu kabisa na chupa iliyotoka friji sasa hivi na uangalie kwa dakika kadhaa. Mwanzo ni utandu wa kijivu tu, vitone vidogo mno kutofautisha. Alafu vinakua, vinagusana, na vikigusana viwili vinarukiana ghafla vinakuwa kimoja, ni kufumba na kufumbua. Kile kipya kinachukua nafasi ndogo kuliko wale wawili walivyokuwa wametandaa, kwa hiyo pembeni yake panabaki upenyo mkavu, na kwenye ule upenyo, ukisubiri kidogo, vitone vichanga vinaanza tena. Hii inaendelea hadi baadhi yao wanakuwa wazito, mmoja anashindwa kujishikilia, anateleza chini akimeza wote walio njiani na kuacha mstari safi nyuma yake. Na mstari ule nao unaanza kuota upya. Unaweza kukaa hapo muda mrefu bila kuchoka.

Kioo cha bafuni nacho kinatumia kanuni hiyo hiyo. Mtu akiandika kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu, kikauka, kesho yake kikipata mvuke yale maandishi yanarudi. Kidole kimebadilisha uso pale kilipopita, kimeacha mafuta au kimeondoa yaliyokuwepo, kwa hiyo maji yanatua tofauti hapo na pembeni yake na jicho linaona mpaka. Na ule ujanja wa kupaka sabuni kidogo kwenye miwani au kioo ili kisifanye ukungu, watu wanadhani sabuni inazuia maji kutua. Haizuii. Maji yanatua vile vile, ila badala ya kujikusanya vitone vinavyotawanya mwanga yanatandaa kama karatasi moja nyembamba, na mwanga unapita.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha, nalo ni joto. Kugeuza maji kuwa mvuke kunakula nishati nyingi sana, na mvuke ukirudi kuwa maji nishati ile yote inarudishwa, pale pale tone linapotua. Gramu moja ya mvuke ikitua kwenye chupa kwa joto la kawaida inaachia takriban jouli 2,450, na hizo zinatosha kupandisha nusu lita ya maji kwa zaidi ya nyuzi moja. Kwa hiyo yale matone mazuri tunayoyaona kwenye matangazo ya vinywaji ndo yanaharakisha kinywaji kupoteza ubaridi. Siku ya unyevu mwingi chupa inapata moto haraka kuliko siku kavu yenye joto lile lile. Na kuifuta hakusaidii kitu, joto limeshaingia tangu tone lilipotua, unafuta maji tu, tena unafungua nafasi kwa mengine. Chupa zile zenye kuta mbili hazilowi nje kwa sababu ukuta wa nje unabaki na joto la chumba, haufiki kiwango cha umande, basi, hakuna cha ajabu zaidi ya hapo.

Joto hilo hilo ndo linafanya mvuke wa birika kuunguza kupita maji yanayochemka. Gramu ya mvuke wa nyuzi 100 ikigeuka maji kwenye ngozi inaachia zaidi ya mara 8 ya joto ambalo gramu ya maji ya nyuzi 100 inaachia ikipoa mpaka joto la mwili. Kwa hiyo ukifunua sufuria inayochemka inua mfuniko kwa upande wa mbali na wewe, mvuke utoke huko. Tafadhali, na watoto waelekezwe hivyo.

Na ukipanda juu zaidi, joto hilo ndo linaendesha dhoruba. Hewa ikipanda inatanuka kwa sababu kule juu shinikizo ni dogo, na ikitanuka inapoa, nyuzi 10 hivi kwa kila kilomita kama bado haijaanza kutoa matone. Ikifika kiwango cha umande vitone vinaanza kushika kwenye chembe, na kwa sababu hili linatokea kwenye kimo karibu kile kile eneo zima, mawingu ya mchana yana matako bapa kama yamekatwa kwa kisu. Unaweza hata kukisia kimo chake: chukua joto la chini, toa kiwango cha umande, zidisha kwa mita 125. Joto 28, umande 20, tofauti 8, wingu linaanzia karibu mita 1,000. Kuanzia hapo kila tone linalozaliwa linaachia joto lake kwenye hewa iliyolizunguka, hewa inapoa polepole zaidi, inabaki na joto kuliko jirani zake, inazidi kupanda, na wingu linajivuta lenyewe kwenda juu.

Vitone vya mawinguni ni vidogo, upana wa mikromita 20 hivi, ukivipanga 50 mstari mmoja ndo unapata milimita. Vinaanguka sentimita moja hivi kwa sekunde, na upepo mdogo tu unaopanda unavirudisha juu, ndo maana wingu linaelea ingawa limejaa maji. Tone la mvua la milimita 2 ni vitone kama hivyo milioni moja vimeungana. Na hapa nyongeza muhimu: mvuke kutua peke yake hautoshi kufikisha tone huko kwa muda wa saa moja au mbili, unakwenda taratibu mno kadiri tone linavyokua. Vitone vinagongana na kumezana, sawasawa na ulivyoona kwenye chupa, na kwenye mawingu yenye baridi sana barafu nayo inaingia kazini kwa njia yake, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Umande wa asubuhi kwenye majani hauanguki kutoka juu, hata kama lugha zote zinasema unaanguka. William Charles Wells, daktari aliyekuwa London, alichapisha utafiti wake mwaka 1814 baada ya kuweka mafungu ya sufu usiku sehemu mbalimbali na kuyapima uzito, na fungu lililokuwa juu ya ubao linaloona anga lilinasa umande mwingi kuliko lililofungwa chini ya ubao ule ule. Usiku wa anga wazi majani yanatoa joto lao kwenda angani, hakuna kinachowarudishia, yanapoa kuliko hata hewa inayoyagusa. Kukiwa na mawingu, mawingu yanarudisha joto chini na umande unakuwa haba. Kukiwa na upepo hewa ya joto inachanganywa muda wote na jani halipoi vya kutosha. Usiku mtulivu wenye nyota nyingi ndo wa umande. Ila ukiona matone yamepangana vizuri kwenye ncha na kingo tu za jani, sehemu nyingine ya jani ikiwa kavu, hayo kwa kawaida ni maji ya mmea wenyewe, umeyasukuma kutoka mizizini usiku, si mvuke wa hewa.

Kwa upande wa nyumbani, nikiulizwa kuhusu ukuta wenye ukungu mweusi nyuma ya kabati huwa nauliza kwanza kabati limeshikana na ukuta wa nje au la. Hewa ya chumba haizunguki hapo nyuma, ukuta unabaki wa baridi, unafika kiwango cha umande wakati kuta nyingine bado ziko juu yake, na kuvu inapata maji kila usiku. Watu wanapaka rangi mara tatu na inarudi. Sogeza kabati kiasi cha kiganja, fungua dirisha baada ya kuoga na kupika ili ile nusu lita iliyomo hewani isigeuke lita nzima, na kama nguo zinaanikwa ndani acha hewa iwe na pa kutokea. Kamera ikitoka sehemu yenye baridi kali kuja kwenye chumba cha joto, ifunge kwanza ndani ya mfuko wa plastiki huko huko kwenye baridi, toa hewa uwezavyo, iingize ndani hivyo hivyo. Maji yatatua nje ya mfuko, lenzi itapata joto pole pole humo ndani bila kugusana na hewa ya chumba, na mfuko ukishakauka wenyewe kwa nje ujue kamera imeshapita kiwango cha umande, unaweza kuifungua.